Neno Lililokwama kwa Kifungo

Mshonaji alikuwa amefunga kiatu kimoja mara tatu. Mara ya kwanza alikikaza mno, mtoto akapiga kelele. Mara ya pili kikalegea kikachomoka. Mara ya tatu akagundua kwamba kiatu ni cha kulia na mguu alioushika ni wa kushoto.

"Mama, leo una nini?" aliuliza Kifungo, binti yake wa miaka saba.

"Sina kitu."

"Bibi amekuudhi?"

"Lete mguu."

Bibi mwenyewe alikuwa amesimama palepale mlangoni, mikono kiunoni. Nyumba yake na ya binti yake zilitazamana kwenye ua mmoja, na kila asubuhi aliuvuka ua ule kuja kukagua mambo.

"Sijamuudhi mtu," alisema. "Nimezungumza na dereva wa gari la shule, basi. Kuanzia Jumatatu linampitia mtoto hapa mlangoni. Leo ndiyo mwisho wa kutembezana."

"Na hukuniuliza, mama."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Mimi natembeza watoto kumi na wawili. Wa majirani wamo."

"Wana mama zao, wataamka." Bibi alishusha sauti, kana kwamba Kifungo si mtoto wa kusikia sindano ikidondoka chumba cha pili. "Mtaa mzima umepata kazi ya kuwatazama ninyi wawili. Yule kijana hana mtoto hata wa dawa. Mwaka mzima anapeleka watoto wa dada yake shule, iwe mvua iwe jua. Mwanaume wa namna ile anatafuta nini?"

"Anatafuta watoto wafike shule."

"Na mimi nimezaliwa jana! Isitoshe, umemzidi miaka minne."

"Mama..."

"Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka."

"Aliyeumwa ni mimi. Mbona unashtuka wewe?"

Mshonaji hakungoja jibu. Alichukua kamba yake ukutani, akamshika mtoto mkono, akatoka. Alipofika njiani aliona kwamba hata chai hakunywa.

Kweli aliwahi kuumwa. Baba yake Kifungo alitoka asubuhi moja akisema atarudi jioni, na jioni hiyo ilikuwa haijafika mpaka leo, mwaka wa tatu huu. Tangu hapo Mshonaji alishona sare za shule, akalea mwanawe, akajifunga mkanda. Alidhani moyo wake ameukunja vizuri na kuuweka chini kabisa ya sanduku. Kumbe moyo haukunjiki.

Watoto walikuwa wamekwisha kusanyika mbele ya duka la vyombo. Mshonaji alinyoosha kamba. Ilikuwa kamba ya kuanikia nguo, yenye mafundo kumi na mawili, na kwenye kila fundo alikuwa ameshona kitambaa cha rangi yake, mabaki ya kazini, ili kila mtoto ajue mahali pake asigombanie. Yeye hushika ncha ya mbele. Kifungo hufuata, fundo la kwanza. Na nyuma kabisa hutembea Fundi, yule kijana aliyesemwa na Bibi, ambaye watoto wote humwita Mjomba, akisukuma baiskeli iliyobeba mikoba ya wote.

Leo Fundi hakuwepo.

"Mjomba amechelewa," alisema Redio, mtoto aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki. "Hajawahi kuchelewa. Labda anaumwa. Labda baiskeli imeharibika. Lakini yeye ni fundi wa baiskeli, ikiharibika si anatengeneza? Labda amekufa."

"Redio, shika fundo lako."

Mshonaji alitazama kona. Akatazama saa. Akatazama kona tena. Tangu jana jioni, mama yake alipoanza kulitaja hilo gari, alikuwa na jambo moja tu kichwani: kwamba likija, hatakuwa na sababu ya kumwona mtu yule. Hawakuwahi kukaa meza moja. Hawakuwahi kuitana kwa jina lolote zaidi ya Fundi na Mama Kifungo. Walichokuwa nacho ni dakika arobaini za asubuhi, tena watoto kumi na wawili katikati yao, na hata hizo zilikuwa zinachukuliwa.

Ndipo kengele ya baiskeli ikasikika. Fundi alikata kona mbiombio, mpwa mkubwa kwenye keria, mdogo kwenye bomba la mbele. Alikuwa hajachana nywele. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye usiku kwake ulikuwa mrefu.

"Samahani, Mama Kifungo."

"Hakuna neno. Tutembee."

Lakini neno lilikuwepo. Alitaka kumwambia palepale, ila wazazi wawili walikuwa bado wamesimama pale wakiwaaga watoto wao, na mmoja alikuwa na macho ya kupeleka habari. Akageuka, akaanza kuongoza.

Msafara ule ulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, wa mbele hageuki, kwa sababu macho yake ni ya barabara. Ya pili, neno halilali. Wa mbele akiona shimo, humwambia Kifungo, Kifungo humwambia wa pili, hivyo hivyo mpaka kwa Fundi. Fundi naye akiona pikipiki inakuja nyuma, humwambia mpwa wake mdogo aliyeshika fundo la mwisho, na neno hupanda mpaka mbele. Hakuna mtoto anayeruhusiwa kukaa na neno. Walikuwa wamefundishwa hivyo mwaka mzima, na walijivunia kazi hiyo kuliko hesabu.

Walipopita kiwanda cha mbao Mshonaji alishindwa kuvumilia.

"Mwambieni Mjomba tukifika barabara kubwa nina neno naye."

Neno likateremka. Muda si muda jibu likapanda.

"Mjomba anasema na yeye ana neno," alisema Kifungo.

Moyo wa Mshonaji uliruka. Alijiambia asiwe mjinga. Akawa mjinga vilevile, akatembea akijaribu kukumbuka kama asubuhi ile alijitazama kwenye kioo.

Barabara kubwa ndipo mahali pekee waliposimama pamoja. Kila siku Fundi humwachia mpwa wake mkubwa baiskeli, hukimbia mbele na mfuniko wa debe aliouchomelea mpini na kuupaka rangi nyekundu, husimama katikati ya barabara na kuuinua. Magari husimama. Mshonaji husimama karibu naye na kuhesabu watoto wakivuka. Ni muda wa watoto kumi na wawili tu, na kwa mwaka mzima waliutumia kusema habari ya mvua.

"Mmoja. Wawili," alihesabu Mshonaji, kisha kwa haraka, macho yake yakiwa kwa watoto: "Jumatatu Kifungo anaanza kupanda gari la shule."

"Gari la nani?"

"La shule, nimesema. Mama ameshapanga. Watatu."

"Na wewe utakuja?"

"Nije kumpeleka nani?"

Lori likapiga honi. "Tulia wewe, hawa ni watoto!" Fundi alimfokea dereva. Kisha kwa sauti nyingine kabisa akasema, "Basi ni heri. Maana Jumatatu na mimi sipo."

Mshonaji alipoteza hesabu.

"Unakwenda wapi?"

"Nimeitwa kazi mji mwingine. Karakana kubwa. Wanataka jibu leo kabla ya adhuhuri."

"Umeitwa lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Wiki mbili! Wiki mbili unatembea nyuma yangu na jambo hilo mdomoni!"

"Ningelisemea wapi? Wewe hugeuki."

"Sheria ni sheria."

"Hata tukifika shuleni hugeuki. Unakunja kamba na kuondoka, utadhani unadaiwa."

Alisema kweli, na ukweli ule ulimuuma. Aliondoka haraka kila siku kwa sababu aliogopa kubaki.

"Umewajibu nini?" aliuliza.

"Sijawajibu. Nilikuwa nangoja mtu aniambie nibaki."

"Mtu gani?"

"Ukitaka nimtaje hapa katikati ya barabara, nitamtaja."

"Usithubutu!"

"Unaona? Kila siku usithubutu."

Mtoto mmoja, waliyemwita Mzito kwa mwendo wake, alikuwa ameinama katikati ya barabara kuokota kizibo cha chupa.

"Mzito, vuka!" walifoka wote wawili kwa pamoja.

"Mimi simwambii mwanaume abaki," alisema Mshonaji. "Nilishamwambia mmoja. Anayetaka kwenda huenda."

"Mimi sijasema nataka kwenda."

"Nenda, Fundi. Kazi nzuri haiji mara mbili."

Fundi alimtazama. Ulikuwa mtazamo mrefu kuliko walivyowahi kutazamana, na ndani yake hapakuwa na hasira hata kidogo. Ingekuwepo, Mshonaji angeiweza. Lori likapiga honi tena. Fundi akashusha mfuniko wake, akarudi nyuma kuchukua baiskeli.

Mshonaji alianza kutembea, akatembea mno. Kamba ikakazika. "Mama Kamba anakimbia!" walilalamika watoto, wakipita kwenye njia nyembamba kati ya kuta mbili. Alipunguza, akaongeza, akapunguza tena. Miguu yake haikujua inatii nini. Kwa nini umesema nenda? alijiuliza. Ulimi ulikuwa wako, meno yalikuwa yako, umeshindwa nini kuuma? Karibu ageuke. Lakini kulikuwa na mtaro upande wa kushoto na watoto kumi na wawili nyuma yake, na kugeuka kwenyewe ageuke aseme nini?

Ndipo alipolisikia.

Lilianzia mbali, nyuma kabisa, mnong'ono mdogo. Kisha mtoto mmoja akasema "Eh!" Mnong'ono ukasogea. Mtu akacheka, akapigwa kikumbo akanyamaza. Mshonaji alijua sauti za watoto wale mmoja mmoja, akawa anaweza kuhesabu neno linavyokuja: limefika kwa Mzito, maana limechelewa, limefika kwa Redio, maana amelisema mara mbili, limefika fundo la tatu, la pili. Limefika kwa Kifungo.

Likakaa hapo.

Mshonaji alitembea hatua kumi. Akatembea nyingine kumi.

"Kifungo, kuna neno?"

"Lipo."

"Lete."

"Bado."

"Neno halilali, unajua."

"Halijalala, mama. Limekaa tu."

"Kuna pikipiki? Kuna mtu ameanguka?"

"Hakuna aliyeanguka. Tazama mbele."

Mtoto wa miaka saba kumwambia mama yake atazame mbele! Siku nyingine angempa jibu lake. Leo alitazama mbele kama alivyoagizwa.

Nyuma yake alimsikia Kifungo akimnong'oneza mtoto wa fundo la pili.

"Sasa wewe unatuma nini?" aliuliza Mshonaji.

"Swali."

"La nani?"

"Langu."

Swali likateremka. Safari hii hapakuwa na kicheko. Kisha nyuma pakazuka mnong'ono mkubwa, watoto wakisema wote kwa mpigo, na Mshonaji aliambulia vipande tu. Kiatu. Mvua. "Na mimi, mwambie na mimi." "Hata siku ile ya mbwa." Mpwa mdogo akapaza sauti, "Kila siku!" Redio akasema jambo refu ambalo Mshonaji hakulipata hata silabi. Angetoa cherehani yake moja, ile mpya, kujua wanasema nini. Lango la shule lilikuwa limeonekana, na adhuhuri ilikuwa njiani inakuja.

Langoni alisimama Bibi.

Alikuwa amekatia njia ya sokoni, amewahi kabla yao. Kando yake alisimama dereva wa gari la shule na daftari mkononi, kalamu tayari.

"Huyo ndiye," Bibi alimwambia dereva, akimwonyesha Kifungo. "Andika. Jumatatu."

"Subiri, Bibi," alisema Kifungo. "Nina neno la kufikisha."

"Utalifikisha baadaye."

"Neno halilali, Bibi!" walisema watoto kumi na mmoja.

Bibi alirudi nyuma hatua moja. Kifungo aliachia fundo lake, akasimama mbele ya mama yake wima, kama mtu anayesomewa orodha ya mahudhurio.

"Mjomba anasema anampenda mwanamke huyu mpaka amekuwa mpumbavu."

Dereva alikohoa. Fundi alikuwa amefika na baiskeli yake. Nusura imponyoke, mikoba yote ikayumba.

"Mimi sikutuma!" alisema. "Nilikuwa najisemea mwenyewe!"

"Lakini ulisema kwa sauti, Mjomba," alisema mpwa mdogo, akitetea kazi yake. "Na mimi niko fundo la mwisho."

Mshonaji hakuwa na pa kuuweka uso wake. Alimshika mwanawe mabega.

"Kwa nini ulikaa nalo?"

"Sikutaka ulie njiani. Ukilia huoni barabara," alisema Kifungo. "Halafu nilitaka kuuliza kwanza."

"Uliuliza nini?"

"Akisema anarudi, huwa anarudi?"

Bibi aligeuka kumtazama Fundi.

"Mjomba alijibu anarudi. Lakini mtu anaweza kusema tu. Nikauliza wengine wote. Mzito anasema siku ya mvua kiatu chake kilibaki kwenye tope, Mjomba akatufikisha halafu akarudi kukitafuta, akakileta darasani. Redio anasema siku tulipokimbizwa na mbwa alirudi peke yake kuchukua mikoba. Huyu," alimwonyesha mpwa mdogo, "anasema mama yake ameshahamishiwa zamu ya mchana hospitalini, tangu mwezi ule mwingine, na asubuhi yuko nyumbani, anaweza kuwaleta mwenyewe. Mjomba amekataa. Anakuja tu. Kila siku."

Mshonaji aliinua macho. Fundi alikuwa anachunguza breki ya baiskeli ambayo haikuwa na ubaya wowote.

"Ni kweli?" alimuuliza.

"Dada hawezi kushika mfuniko," alisema Fundi. "Ni mzito."

"Mfuniko wa debe!"

"Basi si mzito." Aliiacha breki. "Mama Kifungo, nimefika umri wa miaka ishirini na saba na sijawahi kuamka mapema kwa hiari yangu. Sasa naamka kabla ya jogoo. Unataka nikueleze namna gani?"

"Ishirini na saba!" Bibi alidakia. "Mwenzio ana thelathini na mmoja, unalijua hilo?"

"Nalijua, shikamoo mama. Ndiyo maana yeye anaongoza na mimi nafuata."

"Marahaba," alisema Bibi kabla hajajizuia, akakasirika zaidi. "Maneno matamu hata yule alikuwa nayo! Dereva, andika jina la mtoto."

Dereva aliinamia daftari.

"Usiandike, kaka," alisema Mshonaji.

Alisema polepole, na alishangaa sauti yake haikutetemeka. Kengele ya shule ililia. Hakuna mtoto aliyesogea. Kumi na wawili walisimama wamekodoa macho, na mwalimu wa zamu aliyekuja kuwafukuza ndani akaona mambo, akasimama naye.

Mshonaji alijua kwamba akikunja kamba sasa, akaondoka kama kila siku, jambo litakwisha kwa heshima. Hakuna atakayemcheka. Atarudi kwenye cherehani, saa sita itapita, na Jumatatu itakuja. Aliogopa. Aliogopa kuliko siku ile aliyoachwa, maana siku ile hakuombwa kuchagua. Aligeuka, mwili mzima, akatazamana na mtu yule ana kwa ana, bila mtoto katikati.

"Baki," alisema.

Fundi aliegemeza baiskeli ukutani ikaanguka, hakuiokota.

"Amesema abaki!" Redio alitangaza, na watoto wakaanza kulipitisha neno kurudi nyuma kwa mazoea, fundo kwa fundo, ingawa aliyehusika alikuwa amesimama mbele yao na machozi yanamtoka. Mwalimu wa zamu ndiye aliyewaingiza ndani. Kifungo aliingia wa mwisho, akitembea kinyumenyume.

Dereva alifunga daftari, akaaga bila kuangalia mtu. Wakabaki watatu. Bibi alikuwa amemkazia macho binti yake.

"Haya," alisema. "Umesema. Na akikuliza huyu, usije kunigongea mlango usiku wa manane kama mwaka ule. Mimi nimezeeka. Sina tena nguvu ya kuokota vipande."

"Nitakuja, mama."

"Usije!"

"Nitakuja, nitagonga, na utanifungulia."

Bibi alifuta macho kwa kiganja, kwa ukali, kama anayemfuta mtoto wa mtu. Alimtazama Fundi kutoka nywele zisizochanwa mpaka viatu.

"Nitafungua," alisema kwa hasira, akashika njia ya kurudi nyumbani.